Mashariki mwa Congo: somo la historia lisimwache mtoto yeyote nje

Katika darasa moja la shule ya msingi mashariki mwa Congo, unaweza kukuta mtoto aliyezaliwa mtaani hapo, mwingine aliyefika na wazazi wake wakikimbia vita, mwingine wa jamii ya Batwa au Wambuti, mwingine asiyeona vizuri ubao, na mwingine ambaye wenzake wanamwita mgeni ingawa babu yake amezikwa kijiji cha jirani. Wanabanana kwenye benchi moja. Saa ya historia ikifika, mwalimu anageukia ubao na kuandika tarehe. Watoto wananakili katika daftari zao. Kengele inalia, na kwa wengi wao somo limepita bila kuwataja.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lina madhara makubwa. Historia, jiografia na elimu ya uraia na maadili ndiyo masomo ambayo shule imepewa ili mtoto ajue kwamba yeye na jirani yake ni watu wa nchi moja. Masomo hayo yakimwacha mtoto nje, wapo wengine wa kumfundisha nani ni ndugu na nani ni adui: ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye WhatsApp, maneno ya barazani, au mkubwa wa kundi lenye silaha anayetafuta vijana. Hao hawakosi muda, wala hawangoji kitabu kutoka Kinshasa.

Kila mara suala hili linapozungumzwa, jibu la haraka ni kwamba vitabu vipya vinahitajika. Ni kweli vinahitajika. Lakini sheria ya kumpa kila mtoto nafasi darasani ipo tayari, na njia za kufundisha kwa haki zinaweza kuanza kesho asubuhi kwa vitu vinavyopatikana uani mwa shule. Kinachokosekana ni nia ya wakubwa wa elimu kumpa mwalimu msaada mdogo unaotakiwa, na kumlinda anapofanya kazi hiyo.

Sheria ipo, somo halijabadilika

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikuficha kitu. Kifungu cha 13 kinakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika elimu kwa sababu ya dini, asili ya familia, kabila au lugha yake. Kifungu cha 45 kinaipa serikali wajibu wa kuhakikisha Katiba yenyewe inafundishwa, pamoja na haki za binadamu. Kifungu cha 51 kinaitaka serikali kuhakikisha makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na kuwalinda walio wachache na wanyonge.

Baada ya hapo zikaja sheria nyingine. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 15 Julai mwaka huohuo ikafuata sheria ya kulinda haki za wenyeji wa asili, Batwa na Wambuti.

Kisha kuna elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto ambao wazazi wao walishindwa kulipa waliingia shuleni kwa wingi, madarasa yakajaa. Lakini somo walilolikuta humo ni lilelile la zamani. Mtoto wa Mtwa aliyepata benchi kwa mara ya kwanza alisikia habari za babu zake zikisemwa kama habari za wanyama wa porini, tena mbele ya wenzake wote.

Nani hatajwi?

Kwa vizazi vingi, Batwa na Wambuti wameelezwa shuleni kwa sentensi mbili tatu: ndio wakaaji wa kwanza wa nchi, ni wafupi, wanaishi kwa kuwinda na kuokota matunda msituni. Baada ya hapo wanapotea kabisa, kama kwamba hawakuwepo wakati wa ukoloni, wakati wa uhuru, wala leo. Huko Kivu Kusini kuna historia yao ya karibu sana. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa walifukuzwa katika msitu waliokuwa wakiishi. Mwaka 1980 hifadhi hiyo iliandikwa kati ya urithi wa dunia wa UNESCO. Mtoto wa Bukavu au Kabare anaweza kujifunza kuhusu sokwe wa Kahuzi-Biega bila kusikia hata neno moja kuhusu watu walioondolewa pale. Somo kamili lingeweka mambo yote mawili mezani: kwa nini hifadhi ni muhimu, na nani alilipa gharama yake.

Wanawake nao ni wachache mno katika historia inayofundishwa. Wafalme, watemi, wapelelezi wa Kizungu, majemadari na marais ni wanaume. Lakini Kimpa Vita, aliyechomwa moto mwaka 1706 katika ufalme wa Kongo, alikuwa mwanamke kijana aliyetaka ufalme uliovunjwa na vita urudi kuwa mmoja. Sophie Kanza alikuwa waziri mwaka 1966, miaka sita tu baada ya uhuru. Katika elimu ya uraia, msichana anapaswa kujua kwamba ilifika mwaka 2016 ndipo sheria ya familia ilipobadilishwa na kuondoa sharti la mke kupata ruhusa ya mume katika mambo mengi ya kisheria. Akijua hivyo, anaelewa kwamba sheria hutungwa na watu, na kwamba watu wanaweza kuibadilisha.

Kuna pia mtoto aliyekimbia vita. Anatoka Masisi, Djugu, Fizi au Beni, anaingia darasa la mji asioujua katikati ya mwaka wa shule. Mwalimu anapouliza "kijiji chetu kiko wapi?" mtoto huyo hana jibu, maana kijiji chake hakimo katika swali. Ingetosha kubadilisha maneno machache: "Kila mmoja aonyeshe mahali anapopajua vizuri." Hapo mtoto aliyekimbia anakuwa mwalimu wa wenzake kwa dakika tano. Anayajua mashamba, mito na masoko ambayo wengine hawajawahi kuyaona. Hakuna sababu ya kumlazimisha asimulie mabaya aliyoyaona njiani. Akitaka kusimulia mwenyewe, apewe nafasi na utulivu.

Na yupo anayeitwa mgeni. Hapa ndipo walimu wengi wanaponyamaza, na hapa ndipo ukimya unapoua. Kifungu cha 10 cha Katiba kinasema kwamba Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake viliunda nchi iliyopata uhuru. Historia yenyewe inaweza kufundishwa kwa tarehe zinazojulikana. Mwaka 1910 Wazungu walikubaliana mipaka ya eneo hili wakiwa Ulaya, na wasemaji wa Kinyarwanda wakajikuta pande zote mbili za mpaka. Kati ya mwaka 1937 na 1955, utawala wa Wabeljiji ulileta familia nyingine kutoka Rwanda hadi Masisi kwa mpango rasmi, kwa sababu ulitaka watu wa kufanya kazi. Wahunde waliokuwa na ardhi hiyo hawakuulizwa kwa haki. Mwanafunzi anayejua mambo haya yote anaelewa kwa nini jamii mbili zina uchungu, kila moja na wake. Kueleza hivyo hakumtetei mwenye bunduki yeyote, wa ndani au wa nje. Kunamwondolea kitu anachokitegemea sana: vijana wanaoamini kwamba jirani yao amezaliwa na kosa.

Vifaa viko uani

Chukua jiografia. Tangu mwaka 2015 Congo ina mikoa 26, lakini bado kuna madarasa yenye ramani ya mikoa 11, ambapo Ituri haionekani kwa sababu imemezwa na Mkoa wa Mashariki wa zamani, na Tanganyika imo ndani ya Katanga. Mtoto wa Bunia au wa Kalemie anatafuta mkoa wake ukutani hauoni. Kuchora ramani mpya chini kwa mchanga kunahitaji saa moja tu. Mipaka inawekwa kwa kamba, mito kwa majivu, miji kwa mawe, maziwa kwa majani ya ndizi. Mtoto asiyeona anapitisha kidole kwenye kamba na kujua kwamba Maniema haigusi mpaka wa nchi nyingine, na kwamba Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba. Ramani hiyo iliyofanywa kwa ajili yake inawasaidia wote, maana anayeona naye anakumbuka zaidi kitu alichokijenga kwa mikono yake.

Mtoto asiyesikia vizuri anahitaji benchi ya mbele, mwalimu asiyeongea akiwa ameupa darasa mgongo, na maneno makuu yaliyoandikwa ubaoni kabla somo halijaanza. Hayo hayana bei.

Kiswahili chenyewe ni kifaa kikubwa, tena ni somo la historia. Kiliingia mashariki mwa nchi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani na Zanzibar, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, ambayo Tippu Tip aliiongoza hadi Kasongo na Nyangwe, huko Maniema ya leo. Baadaye kilikuzwa na wamisionari, na huko Katanga na kampuni za migodi zilizokusanya wafanyakazi kutoka kila upande. Leo ni lugha ya soko na ya kanisa, ya msikiti na ya matanga. Mwalimu anaweza kuuliza: lugha iliyokuja na maumivu imekuwaje lugha ya undugu? Watoto wa Uvira, wa Kindu na wa Lubumbashi watatoa majibu tofauti, na mabishano yao ndiyo somo.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo lingetosha wiki nzima ya elimu ya uraia: raia. Kwa mtoto wa mashariki, raia ni mtu asiye na bunduki. Anasikia kila siku redioni: raia wameuawa, raia wamekimbia. Kitabu cha shule kinasema raia ni mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Umbali kati ya maana hizo mbili ndio hali ya nchi yenyewe. Mwalimu akiuliza darasa raia anaweza kudai nini, na kwa nani, atapata somo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Kisha kuna wazee. Kila mtaa una mama au baba aliyeona mambo: mwaka wa uhuru, miaka ya Zaire, kuwasili kwa wakimbizi wa mwaka 1994. Wanafunzi wakitumwa kuwauliza, kanuni ziwe mbili. Ya kwanza, tukio moja liulizwe kwa watu wawili wa jamii tofauti, au mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ya pili, mwanafunzi aandike alichosikia na nani alikuwa mahali gani alipokiona, bila kuamua haraka nani mwongo. Mtoto aliyezoea kuuliza "ulijuaje?" kwa babu yake kwa heshima, atauliza swali hilo hilo atakapopokea sauti isiyo na mwenyewe kwenye simu.

Hofu ya mwalimu ina sababu

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni siasa, na siasa haifai darasani. Wengine wanasema ni hatari tu. Hao wa pili wana haki ya kusikilizwa. Goma ilichukuliwa na M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Katika sehemu za Ituri na Kivu zote mbili, mwalimu hajui nani anasikiliza dirishani, na neno moja linaweza kumpeleka pabaya. Hakuna mtu aliyeketi salama mbali anayeweza kumwamuru awe shujaa.

Lakini kati ya ushujaa na ukimya kuna njia pana. Mwalimu asiyeweza kugusa vita vya leo anaweza kugusa vya jana. Huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari wa mkoloni waliwapiga risasi wafanyakazi wa migodi waliogoma Desemba 1941. Darasa linaweza kugawanywa vikundi: kimoja kisimulie siku hiyo kama mfanyakazi, kingine kama mke wake aliyemngoja nyumbani, kingine kama askari Mwafrika aliyepewa amri, kingine kama bwana wa kampuni. Hakuna mtoto atakayeona kabila lake likihukumiwa. Wote watajifunza kwamba tukio moja lina macho mengi, na kwamba bado kuna jambo lililotendeka kweli: watu walikufa kwa kudai mshahara. Ujuzi huo mtoto ataupeleka mwenyewe kwenye habari za leo, mwalimu asiposema neno.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kuna mwalimu ambaye, kwa nia nzuri, anamsimamisha mtoto na kumwambia: "Wewe wa kabila fulani, tueleze watu wako wanafikiri nini." Huko ni kumtwika mtoto mzigo wa jamii nzima. Kumpa nafasi hakuna maana ya kumweka kwenye maonyesho. Vivyo hivyo kwa shule za makanisa, ambazo ni nyingi sana nchini: mtoto Mwislamu katika shule ya Kikatoliki, au Mkatoliki katika shule ya Kiprotestanti, ana haki ya kusoma maadili bila dini yake kufanywa mfano wa upotovu.

Mzigo usiwe wa mwalimu peke yake

Itakuwa dhuluma kumtaka mwalimu afanye yote haya huku mshahara ukichelewa, huku wengine wakifundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, na darasa likiwa na watoto wengi kuliko madirisha yake. Kwa hiyo wizara na wakubwa wa elimu mikoani wana deni, na sehemu yake si ghali.

La kwanza ni karatasi tatu kwa kila shule: ramani ya mikoa 26, vifungu vichache vya Katiba kwa Kiswahili chepesi, na maelezo ya sheria mbili za 2022. Nchi inayochapisha picha za wagombea kwa maelfu wakati wa uchaguzi haiwezi kusema imekosa wino.

La pili ni muda. Kila shule ina vikao vya walimu vinavyoitwa cellule de base. Mara nyingi vinaishia kwenye kukagua fishi za matayarisho. Kikao kimoja kwa mwezi kingetumika kutayarisha pamoja somo moja gumu, ili mwalimu asibaki peke yake na swali la mtoto anayeuliza kwa nini baba yake aliuawa. Komite ya wazazi ialikwe mapema, maana somo ambalo wazazi wamelielewa haligeuki uvumi mtaani.

La tatu ni mtihani. Mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Karatasi ya culture générale ya Exetat ikiendelea kuuliza tarehe na majina kwa kuchagua jibu moja kati ya mengi, darasa litaendelea kukariri. Maswali machache yanayomtaka mwanafunzi alinganishe masimulizi mawili ya tukio moja yangebadilisha ufundishaji haraka kuliko semina nyingi za hotelini.

La nne ni ulinzi. Inspekta anayefika shuleni asimwandikie mwalimu makosa kwa sababu watoto wake walikuwa nje wakichora mikoa kwenye mchanga badala ya kunakili. Na mwalimu akishtakiwa kwa mkuu wa mtaa kwa kusoma kifungu cha Katiba, uongozi wa shule usimame naye.

Mashariki mwa Congo imeona watoto wa jirani wakigeuka maadui: Ituri kati ya mwaka 1999 na 2003, Tanganyika miaka kumi na zaidi baadaye kati ya Batwa na Waluba. Wengi wa vijana walioshika mishale, mapanga na bunduki walikuwa wamepita shuleni, hata kama ni kwa miaka michache. Shule haikuanzisha vita hivyo na haiwezi kuvimaliza peke yake. Lakini miaka hiyo michache ilikuwa mikononi mwake, na wengine wanaingia darasani Septemba hii. Mwalimu atakayewapokea anastahili kupata ramani iliyo sahihi, sheria kwa lugha anayoifundishia, na mkubwa asiyemwogopesha anapofungua mdomo.